Koili ya Pili

Kila alipotoka shule, kabla hata hajavua viatu, Injinia alipitia stoo kuwachungulia vifaranga. Jina hilo alipewa na bibi yake siku alipoifufua redio iliyogoma, nalo likamganda. Vifaranga walikaa ndani ya boksi kubwa. Katikati yake palikuwa na kopo la bati, na ndani ya kopo mlikuwa na koili ya joto iliyovuta umeme kutoka kwenye betri ya sola. Kisanduku kidogo ukutani kilionyesha volti na ampea.

"Tazama tu, waya usiguse," mama alimwambia kila mara. "Hawa wakikua, naachana na kupiga pasi nguo za watu."

Mchana mmoja mvua ilinyesha, baridi ikapenya chini ya mlango. Vifaranga walijikusanya karibu na kopo. Mama alikuwa bado kazini, bibi amejilaza chumbani. Injinia akaikumbuka koili ya akiba iliyokuwa kwenye rafu. Moja inapasha joto. Mbili si zitapasha maradufu?

Akazima swichi. Akaiunga koili ya pili nyuma ya ile ya kwanza, ili umeme upite kwanza huku, kisha kule, ndipo urudi kwenye betri. Akazitumbukiza zote ndani ya kopo, akawasha. Kioo cha kisanduku, ambacho siku zote kilisoma ampea mbili, kikasoma moja.

"Kumbe hata betri inapumzika!" akajisifu, akaenda zake kusoma.

Jioni mama alipofungua stoo, vifaranga walikuwa wamepandiana kwenye kona, wakilia kwa sauti nyembamba. Wengine walikuwa wameshakauka.

"Mama, njoo uone!" mama akamwita bibi kutoka chumbani.

Bibi alitazama, akatikisa kichwa. "Huo ni ugonjwa, mwanangu. Wape dawa kabla haujawamaliza."

Mama akachanganya dawa, akaanza kuwadondoshea mdomoni mmoja mmoja. Kila aliyerudishwa boksini alilegea shingo palepale.

"Nimekosea wapi mimi? Maji nilibadilisha. Chakula nilipima. Joto lipo, kisanduku kinawaka. Injinia, uliona chochote ulipotoka shule?"

"Hapana, mama."

Neno lilitoka lenyewe. Injinia akaligusa kopo. Lilikuwa vuguvugu, kama chai iliyosahauliwa mezani. Akainua macho kwenye kioo: volti kumi na mbili, ampea moja. Hapo somo la darasani likamjia, na safari hii halikuwa la mtihani. Ukinzani ni volti ukigawanya kwa ampea. Kwa koili moja, kumi na mbili kwa mbili: omu sita. Sasa, kumi na mbili kwa moja: omu kumi na mbili. Koili ya pili ilikuwa imeongeza ukinzani, mkondo ukabanwa ukabaki nusu.

Na nguvu je? Volti mara ampea. Jana zilikuwa wati ishirini na nne. Leo, kumi na mbili tu. Alidhani amewaongezea vifaranga joto, kumbe amewanyang'anya nusu yake.

Mama alivuta dawa nyingine, akamshika kifaranga ambaye hata kulia hakuweza tena.

"Mama, acha. Si ugonjwa. Ni mimi."

Akaeleza yote. Bibi akashika kiuno. "Injinia wa nani wewe? Umeumbua jina nililokupa!"

Mama hakufoka. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, dawa ikimchuruzika vidoleni. "Mimi umeme siujui," alisema taratibu. "Nisaidie. Nifanye nini?"

Injinia hakuwahi kumsikia mama yake akimwomba hivyo. Alitamani angemkaripia.

"Tuunge kila koili peke yake kwenye betri. Kila moja itapata volti zake kumi na mbili na kuvuta ampea mbili. Jumla ampea nne, yaani wati arobaini na nane."

"Betri itafika asubuhi?"

"Haitafika. Tutumie zote mpaka wapate joto, halafu tubakize moja, tufunike boksi kwa blanketi na kuacha upenyo wa hewa."

Mama akazima swichi, akaunga waya mwenyewe huku Injinia akimwelekeza. Kioo kikasoma nne. Kisha wakangoja, maana hapakuwa na kingine cha kufanya. Bibi aliwakumbatia walio hoi kifuani mwake. Wengine hawakuamka.

Hatimaye kifaranga mmoja alijichomoa kwenye rundo, akatikisa mbawa. Mwingine akafuata. Polepole wakatawanyika kuzunguka kopo, na mama akachomoa koili moja.

Aliwakusanya waliokufa kwenye gazeti, akamgeukia binti yake.

"Uligusa waya nilizokukataza, na hesabu uliifanya baada ya kuunga badala ya kabla. Hilo ni kosa, na utajifunza. Lakini lile 'hapana' lako, mwanangu! Nilikuwa natibu ugonjwa usiokuwepo huku hawa wanakufa mikononi mwangu. Ukikosea, sema palepale. Mtu akifichwa ukweli hawezi kusaidia, hata akiwa mama yako."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Chukua jembe, tukawazike."