Shimo Katika Nyumba ya Bustanini

Shimo lilikuwa kwenye chumba cha nyuma cha nyumba kongwe ya marehemu Marial, mfanyabiashara wa mtaa wa Malakia. Familia ilikuwa imeikabidhi serikali nyumba hiyo, ikazungushiwa bustani ya umma, na sasa maharusi walikuja kupigia picha barazani.

Inspekta Gatwech alichuchumaa. Matofali ya sakafu yalikuwa yameng'olewa na kupangwa vizuri ukutani. Wezi hawana adabu hiyo. Shimo lenyewe lilikuwa dogo, na ndani yake mlibaki uzi mweupe wa pamba tu.

"Dhahabu," alisema Koplo Dhieu. Mji mzima ulikuwa umeshaamua kwamba limeibwa sanduku la dhahabu.

Koplo alikuwa amemtia pingu Semei, Mganda mtunza bustani, kwa kuwa jembe lililokutwa kando ya shimo lilikuwa lake.

"Ulichimba wewe?" Gatwech alimuuliza.

"Hapana, afande. Mimi iko na jembe ya maua tu. Hiyo sanduku, wallahi, mimi hapana ona yeye."

"Anajua kuna sanduku!" Dhieu alidakia.

"Hata wauza chai wa mtaa wa Jebel wanajua kuna sanduku, Koplo. Tulia."

Akaitwa Rita, binti wa Marial, aliyelelewa Nakuru na kurudi kuwasimulia wageni historia ya nyumba. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka, na kila asubuhi alimsahihisha Semei bila kuchoka.

"Funguo anazo nani?"

"Mimi na Semei. Lakini mfungueni, afande. Hana kosa."

"Umejuaje?"

"Aliyemtoa alijua pale alipolazwa. Semei hajui."

Gatwech aligeuka kumtazama. Yeye Kiswahili alikipata kambini Kakuma, kwa mwalimu aliyechapa watoto kwa kukosea ngeli, na mgongo wake haujasahau.

"Semei huita hata toroli 'yeye'," alisema taratibu. "Wewe hukosei. Sote tunazungumzia sanduku. Ulimtoa nani, Rita?"

Rita alitazama pingu za Semei. Uso ulimshuka kwa aibu.

"Kaka yangu."

"Yupi?"

"Hakuwahi kupewa jina. Alifariki mchanga, wakati wa vita. Risasi zilikuwa zinalia nje, hakuna aliyeweza kufika makaburini. Baba akamzika chini ya kitanda cha mama."

"Kwa nini sasa?"

"Mama yuko mtaa wa New Site, siku zake zinahesabika. Anataka azikwe na mtoto wake. Niliomba ruhusa ofisi ya bustani. Wakasema nyumba ni mali ya umma, pamoja na vilivyomo. Na wiki ijayo wanamwaga zege humu."

"Vilivyomo," Gatwech alirudia.

"Siku ya makabidhiano walikagua milango, madirisha, hata mabomba. Hakuna aliyeuliza kama kuna mtu." Aliweka kiganja ukutani. "Tuliwapa nyumba, afande. Mtoto hatukuwapa."

"Yuko wapi?"

"Kwa mama. Amempakata tangu jana, hataki kumweka chini."

Dhieu alikohoa, akatazama dirishani. Gatwech alimfungua Semei pingu kwa mkono wake mwenyewe, akamwomba radhi.

Simu ililia. Alikuwa mkurugenzi wa bustani.

"Vipi, Inspekta? Kile kitu kimepatikana?"

Gatwech alitazama lile shimo dogo.

"Amepatikana," alisema, akakata simu.