Karatasi Chini ya Mikono ya Nicolosa

Shangazi yangu Orsina hakuwa mwongo. Mbea, ndiyo. Mkali wa mdomo, usiseme. Lakini mwongo, hapana. Alimvalisha Bibi Laudomia kwa miaka kumi na tisa katika kasri la Mtawala wetu, na haya aliyaona kwa macho yake mawili, mchana kweupe. Nalisema hilo mapema kwa sababu watu wakisikia habari za maiti hudhani lazima ziwe za usiku. Hizi ni za baada ya chakula cha mchana.

Siku yenyewe ilianza salama tu. Ilikuwa Novemba, ukungu umelalia maji ya handaki linalozunguka kasri, maboga yanachemka jikoni, na Laudomia ameketi mbele ya kioo akifungwa kola. Miaka minane alikuwa mwimbaji wa Mtawala. Si wa kanisani wala wa sokoni. Aliimba chumba cha ndani, mbele ya wageni watano au sita, akikalia kiti cha mahameli nyekundu kilichogusana na kiti cha Mtawala mwenyewe.

"Leo kuna mgeni," alisema Orsina, pini zimemjaa mdomoni. "Binti wa mwoka mikate. Wanasema anaimba."

"Hata kuku anaimba."

"Kuku hapelekewi gari la farasi wanne, bibi wangu."

Basi alikuja huyo Nicolosa. Miaka kumi na tisa, mwanya katika meno, makovu ya tanuri mikononi. Akaimba. Mtawala, ambaye huwa anatafuna lozi tangu mwanzo hadi mwisho, aliacha kutafuna. Kisha akageuka, akasema kwa upole kama anayeomba chumvi:

"Laudomia, hebu mpishe mwenzio hapo."

Akampisha. Angefanyaje? Alikwenda kusimama karibu na dirisha, akatabasamu mpaka mashavu yakamuuma.

"Kipya kinyemi ingawa kidonda," Orsina alimtuliza wakirudi. "Mwezi mmoja tu, utarudishiwa kiti chako."

Mwezi ukapita, kiti hakikurudi. Na kilichomkera zaidi ni kwamba yule binti hakuwa na baya. Angekuwa na kiburi, Laudomia angemchukia kwa raha. Lakini alimwita dada. Kila siku kwenye mazoezi, kitabu cha nyimbo kikifunguliwa, alimwonyesha ukurasa wake.

"Dada, hapa Mwalimu amenitilia msalaba mmoja tu. Wewe ungepumulia wapi?"

"Kwa pua, kama watu wengine."

Nicolosa alicheka, akidhani ni utani.

Huo ukurasa ndio kisa chote, kwa hiyo nisikilize vizuri. Muziki wa chumba kile ulikuwa siri. Uliandikwa katika kitabu kimoja chenye kufuli, na ufunguo ulining'inia shingoni mwa Mtawala. Mgeni wa heshima alipewa kitabu afuatishe kwa kidole, aone kwamba kila doido, yaani kila pambo la sauti, lililoandikwa limeimbwa, wala halikurukwa hata moja. Kila mwimbaji alikuwa na ukurasa wake, jina lake juu, madoido yake chini, na misalaba midogo mahali pa kuvuta pumzi. Mwalimu Ercolano, mpiga kinanda, ndiye aliyeandika. Mwimbaji akifa, ukurasa wake unakatwa, anazikwa nao chini ya mikono, na anayeuweka ni mwimbaji mwenzake. Ndivyo ilivyokuwa tangu enzi za babu yake Mtawala. Wazee wa kasri walisema sauti isiyo na mwenyewe haiachwi ndani ya nyumba.

Homa ya mabwawa ilimshika Nicolosa wiki ya pili ya Desemba. Siku sita tu, akafa. Laudomia alifurahi. Tusimsingizie, lakini tusimpake mafuta pia. Alipiga magoti kanisani na wenzake, akafunika uso kwa viganja, na nyuma ya viganja alikuwa akicheka.

Furaha ile haikufika jioni. Mtawala alimwita kando ya jeneza, macho yamemvimba.

"Nafunga chumba," alisema. "Siwezi kusikia mwingine baada yake. Sikukuu ya Epifania, mwanzoni mwa Januari, utaimba mara ya mwisho, kisha urudi kwa kaka yako."

Kaka yake alikuwa mtia chumvi samaki kule kwenye rasi za pwani. Laudomia alitoka nyumba ile na miaka kumi na sita, harufu ya samaki imemganda kwenye nywele, akala kiapo kwamba hatarudi. Na sasa msichana amekufa, amelala, hana pumzi, na bado anamfukuza! Wivu wa mtu hai una mwisho wake. Wa maiti utaumalizaje?

Mwalimu Ercolano akaukata ukurasa, akamkabidhi. Laudomia aliinama juu ya jeneza. Karatasi aliyoichomeka chini ya mikono ya Nicolosa ilikuwa nyingine, nyeupe, tupu, aliyoikunja ukubwa uleule. Ule ukurasa wenyewe ulibaki kifuani mwake.

Orsina aliona. Aliona na jingine. Kitambaa kilichofunga taya la marehemu kilikuwa kimelegea. Mdomo umefunguka kidogo.

"Bibi wangu, mrudishie," alinong'ona.

"Ana nini cha kuimba huko?"

Sikio la kufa halisikii dawa. Kila siku, chakula kikishaondolewa, Laudomia alijifungia chumbani akijifunza ukurasa ule. Kama Mtawala anataka madoido ya Nicolosa, atayapata. Kama anataka ile ngazi ya sauti inayopanda mpaka mtu anashika kiti, ataipanda. Orsina alikaa pembeni akishona.

Siku ya tatu Laudomia alifika kwenye ule msalaba mmoja. Akavuta pumzi.

Na pumzi ya pili ikavutwa. Karibu naye. Kwenye kiti kitupu.

"Umesikia?"

"Sikusikia kitu," alisema Orsina. Huo ndio uongo pekee alioniungamia maisha yake yote.

Siku ya tano ukurasa ulikuwa umeongezeka mstari. Laudomia alihesabu, akahesabu tena. Jana mistari saba. Leo minane. Wino wa ule wa nane ulikuwa mbichi, na madoido yake mazuri kuliko yote. Mtu mwenye akili angeuchoma. Yeye aliuimba.

Epifania ikafika. Wageni sita, lozi mezani, ukungu umeziba madirisha. Laudomia alisimama bila kitabu. Kinanda kikaanza, naye akafungua mdomo.

Sauti iliyotoka haikuwa yake.

Ilikuwa na ule ubichi wa binti wa mwoka mikate. Lozi ikamdondoka Mtawala. Akainuka taratibu. Laudomia alimwona anakuja, na moyo wake, masikini, ulijaa: sasa ataniangalia mimi. Mtawala akasimama mbele yake. Machozi yakamtiririka.

"Nicolosa," alisema.

Laudomia alitaka kunyamaza. Hakuweza. Ngazi ikapanda. Aliutafuta ule msalaba akilini, mahali pa kupumua. Haukuwapo. Umefutika. Akaendelea kupanda bila pumzi. Mwalimu Ercolano aliondoa mikono kwenye kinanda. Sauti ikaendelea. Midomo ya Laudomia ikageuka buluu. Sauti ikaendelea. Mpaka alipoanguka.

Kisha Mtawala akapiga makofi.

"Tena," alisema.

Hakurudishwa kwa kaka yake. Alirudishiwa kiti cha mahameli.

"Keti, Nicolosa."

"Mtukufu, mimi ni Laudomia."

Alitabasamu kama mtu aliyetaniwa, akamvisha mkufu.

Chumbani, Laudomia alijaribu wimbo wake mwenyewe, ule wa kubembeleza watoto aliokuja nao kutoka kwa mama yake, ambao aliuimba siku ya kwanza mbele ya Mtawala. Mdomo ukafunguka. Ikatoka hewa tupu. Akajaribu madoido ya Nicolosa, yakamiminika. Ndipo alipomshika Orsina mkono.

"Twende tukamrudishie."

Makaburi ya kasri yako chini ya kanisa, ngazi kumi na nne tu. Padri alikubali baada ya kuliliwa sana. Mchana uleule walishuka wanne, Mwalimu Ercolano akiwa na taa. Mfuniko ukasogezwa.

Mdomo wa Nicolosa ulikuwa umefungwa. Siku ya mazishi ulikuwa wazi. Sasa umebanwa kabisa, kama wa mtoto aliyeficha peremende ya wenyewe.

Laudomia aliweka ukurasa juu ya kifua cha marehemu, akavuta ile karatasi tupu.

Haikuwa tupu. Ilijaa noti kutoka juu hadi chini. Juu kabisa palikuwa na jina: *Laudomia*. Mwalimu Ercolano aliisogeza kwenye taa, akaisoma mstari kwa mstari.

"Huu ni wimbo wako wa siku ya kwanza," alinong'ona. "Sijawahi kuuandika popote."

"Nipe." Akaikamata karatasi, akafungua mdomo auimbe.

Hakuna kitu. Hewa.

Lakini mle jenezani, chini ya mwanga wa taa, koo la Nicolosa lilicheza. Mara moja. Kama la mtu anayemeza.

Padri alisukuma mfuniko kwa mikono yote miwili, wala hakumaliza sala. Walipofika juu, Orsina aligundua kwamba ile karatasi ameishika yeye.

Miaka kumi na mmoja zaidi Laudomia alikalia kiti kile. Wanawake wa kasri walimwonea gere: mkufu, mahameli, sauti. Yeye alimwonea gere maiti. "Kiti nimekikalia mimi," alimwambia shangazi siku moja, "lakini anayeangaliwa ni yeye." Alipokufa, Mtawala, mzee wa kushikwa mkono, aliamuru jiwe zuri. Nenda kanisani ukaangalie mwenyewe. Makaburi mawili yamepakana, na yote mawili yameandikwa Nicolosa. Jina la Laudomia hulikuti popote katika kasri lile, hata kitabuni.

Limebaki kwenye ile karatasi tu. Shangazi aliniachia, imekunjwa ndani ya kitambaa cha kola. Ina miaka zaidi ya arobaini sasa. Juzi niliifungua baada ya chakula, nikapitisha kidole kwenye mstari wa mwisho; kidole kikatoka na wino mbichi.

Nimenawa mara tatu kwa sabuni na majivu. Wino haujatoka.