Jibu Refu Kuliko Yote

Nyumbani walimwita Chiriku kwa utani, maana chiriku hachoki kupiga kelele, na yeye kumtoa neno ilikuwa kazi. Kila siku akitoka shule alipitia ofisini kwa shangazi yake, mwalimu wa wauguzi chuo kikuu, akajikunja kwenye kiti cha kona kumsubiri baba.

Siku hiyo shangazi alimsogezea kompyuta. "Njoo, mwanangu. Hili ni somo la kusafisha vidonda. Wanafunzi watajisomea wenyewe mtandaoni, mimi sipo. Unasoma, unajibu. Ukikosa linakurudisha, ukipata linakufungulia mbele; alama ni ya jibu la kwanza. Likieleweka kwako, kesho nawapa wanafunzi wote mia tatu."

Shangazi akainamia makaratasi yake. Chiriku akasoma ukurasa wa kwanza. Wa pili ukamchosha, akabahatisha. Taa nyekundu: *Jaribu tena.* Akabofya jibu jingine, kijani. Akakodoa macho. Mbona majibu yanayopita ni yale marefu? Swali la tatu hakusoma kitu, akabofya refu. Kijani! La nne, kijani. Alitaka kujua mchezo huu utafika wapi, akaanza upya toka swali la kwanza, na ukafika mwisho: kumi kwa kumi.

"Kumi!" Shangazi alipiga makofi, akamwita fundi wa kompyuta chumba cha pili. "Wafungulie wanafunzi kesho asubuhi. Hata mtoto wa kaka yangu kaelewa!"

Fundi akaingia akicheka. "Shikamoo, daktari!"

Chiriku hakucheka. Kwenye kioo cha kompyuta palikuwa na picha ya goti lenye jeraha. Na yeye goti lake lilikuwa na kovu. Siku alipoumia, muuguzi alilisafisha taratibu mpaka likapona. Je, kama muuguzi yule naye angekuwa amebofya tu masomoni?

"Shangazi..." Akamvuta mkono. "Sikusoma."

"Hukusoma nini?"

"Nilichagua jibu refu tu. Kila mara ndilo sahihi."

Fundi akavuta kiti, akapunguza ukubwa wa maandishi mpaka yakawa kama mistari ya sisimizi. Herufi hazikusomeka, urefu ulionekana. Akabofya, akabofya. Kumi kwa kumi.

"Jamani! Mimi nikiona damu nazimia, leo nimekuwa muuguzi!"

Shangazi alishika kichwa. "Kumbe jibu sahihi nalipamba kwa maelezo, ya uongo nayakata mafupi. Mia tatu wangefaulu, kisha waende wodini mikono mitupu."

Wakakaa kuyarekebisha, marefu wakayapunguza, mafupi wakayanenepesha. Baadaye Chiriku akajaribu tena. Nne kwa kumi. Masikio yakamwaka moto, lakini akarudi kurasa za nyuma, akasoma kweli.

"Shangazi, wanasema kidonda kinasafishwa kutoka ndani kwenda nje. Kwa nini?"

"Ili uchafu wa ngozi ya pembeni usiingie ndani." Shangazi akasita. "Ala! Hiyo sababu sikuiandika." Akaiandika papo hapo.

Baba alipobisha hodi, shangazi alimshika Chiriku bega. "Mwanangu, ile kumi yako ilinifurahisha, lakini hii nne ndiyo iliyonifaa. Alama isiyo na ujuzi nyuma yake ni kama bandeji juu ya kidonda kichafu. Mtu asiye na aibu ya kusema 'sikuelewa' ndiye atakayeelewa."

"Kesho nirudi?" Chiriku akauliza. "Nimebakiza sita."

Baba akamtazama dada yake kwa mshangao. "Umempa nini huyu? Leo anaongea!"