Lisp Aliyoichagua Nesi

Walikutana kwenye duka la kompyuta, siku watu wamebanana mpaka kaunta haionekani. Nesi alikuwa na sare yake nyeupe na laptop kuukuu kwapani.

"Nataka kujifunza lugha ya programu, Lisp," alimwambia fundi. "Mfumo wa Linux ninao tayari. Sijui tu niweke Lisp ipi, maana ziko nyingi."

Fundi, shati la bluu mikono imekunjwa, akacheka. "Dada, watu huja hapa kubadilisha kioo."

"Kioo changu kizima. Jibu swali."

Hapo ndipo fundi aliponasa. Akamweleza aina mbili za Lisp: CLISP ni nyepesi, SBCL ina kasi lakini ina maonyo mengi kila ukikosea. Nesi akajaribu zote mbili, akachagua SBCL. Alipenda kukosolewa mapema. Miezi ikapita wakiitana laazizi, huku yeye akijenga programu ya kupanga zamu za wodini.

Kisha akamwachia laptop abadilishe betri. Iliporudi, programu ikakataa kufunguka. Akapiga simu.

"Umefanya nini?"

"Nimekutolea ile SBCL, kipenzi. Nimekuwekea CLISP, haitakusumbua na maonyo."

"Nani alikutuma?"

"Nilikuhurumia."

"Kazi yangu yote niliihifadhi ndani ya faili la SBCL. Lisp nyingine hailisomi. Fundi mzima hujui?"

"Sikuwaza."

"Wodini madaktari wananiamulia. Nyumbani kaka zangu. Na wewe umejipanga foleni hiyohiyo?" Akakata.

Kwa siku kadhaa hakupokea simu yake. Jumamosi fundi akaja mlangoni, shati limepigwa pasi, begi la vifaa hana.

"Faili lako lipo, sikuligusa. Ukirudisha SBCL ileile, toleo lilelile, litafunguka. Nikuwekee?"

"Kaa pale. Mikono magotini."

Akaandika mwenyewe amri za kurudisha SBCL. Fundi akakaa alivyoambiwa. Zamu za wodini zikatokea kwenye kioo, zote.

"Naruhusiwa kusema?"

"Sema."

"Nataka tuoane. Nakuuliza, sijaamua."

Nesi akamtazama mpaka jamaa akaanza kutokwa jasho. "Nimekubali. Ila bado nimekasirika, na chai utachemsha wewe."

Fundi akainuka, akasita mlangoni mwa jikoni. "Sukari niweke kiasi gani?"

"Angalau hilo umeuliza."