Kafa Ulaya Sandukuni

Jumamosi saa nne asubuhi, mbele ya banda la misheni pale Chang'ombe, palikuwa hapana pa kuweka mguu. Mabibi wa Kizungu waliuza humo nguo kuukuu ili zahanati yao ipate dawa. Mji mzima uliziita nguo hizo kafa ulaya, maana watu walikuwa na hakika kwamba wenyewe walikwisha kufa huko kwao. Kila mtu alizicheka, na kila mtu alikuja kuzinunua, wengine wakiwa wamejificha.

Chausiku alikuwa mmoja wa waliojificha. Alijifunika buibui mpaka usoni, yakabaki macho na vidole vyenye hina. Mama yake, Bi Mwanakombo wa Temeke, alikuwa kiongozi wa chama cha lelemama, ngoma ya wanawake wanaoshindana kwa mavazi kuliko hata kwa nyimbo, na kwake yeye nguo kuukuu ilikuwa najisi. Kwa hiyo kila gauni alilonunua pale, Chausiku alilifumua, akalipunguza, akalibadilisha vifungo, kisha akaapa kwamba ni jipya, limetoka madukani Uhindini kwa fedha ya kofia anazodarizi. Miaka miwili aliapa hivyo bila kukwama.

Asubuhi hiyo macho yake yalitua kwenye gauni la zambarau lenye vidoti vyeupe, kiuno chembamba, sketi pana ya kuzunguka nayo. Akalishika bega. Bega la pili lilikuwa tayari mkononi mwa kijana mrefu, bwelasuti yake imejaa mafuta ya gari.

"Achia, kaka. Mie nimelishika kwanza."

"Umelishika au umeliota? Nipo hapa tangu mlango haujafunguliwa."

"Na utalivaa wapi? Gereji?"

"Nampelekea dada yangu Kilwa."

"Dada yako hana mume wa kumvisha?"

"Na wewe huna?"

Chausiku akavuta. Kijana naye akavuta. Kiuno kikapasuka kwa sauti iliyosikika banda zima, na bibi mmoja wa Kizungu akaja, akatazama, akamnyooshea kijana kidole: kalipasua, analinunua. Kijana akalipa huku watu wakimcheka, kisha akamkimbilia Chausiku nje.

"Dada, lichukue basi. Mie nitalifanyia nini?"

"Limepasuka ndiyo unanipa? Kalivae mwenyewe."

Kijana huyo aliitwa Shomari, fundi wa malori katika gereji ya jirani. Jumamosi iliyofuata alikuwepo, na iliyofuata pia, na kila mara waligombana: kwa blauzi, kwa foleni, kwa jinsi alivyosimama akiziba mwanga. Jumamosi ya sita Shomari alichelewa, na Chausiku akajikuta anazungukazunguka bandani bila kununua kitu, akimngoja mtu wa kugombana naye. Alipotokea, Chausiku alifunua uso. Alikwisha kumpenda, na hakuna namna nyingine ya kulisema.

"Gauni langu liko wapi?" alimwuliza, na tangu siku hiyo hakuacha kumwuliza.

"Liko kwa mshonaji, linatibiwa. Likipona utaliona, mpenzi wangu wa matambara."

"Ole wako umwambie mtu tunaonana wapi."

"Nitamwambia nani? Mama yako akijua atanivisha kafa ulaya iwe sanda yangu."

Mshenga alikwenda, Bi Mwanakombo akaridhika na kijana mwenye ufundi wake, posa ikapokewa. Ikafika siku ya sanduku. Desturi ilikuwa bwana arusi apeleke sanduku la nguo, na wanawake wakae waifungue kila nguo, wainyanyue juu, waisifu kwa vigelegele au waipitishe kimya kimya, ambako ni kubaya kuliko matusi. Watu wa Bi Mwanakombo walijaa mpaka uani. Zikanyanyuliwa kanga, zikanyanyuliwa viatu, marashi, buibui jipya. Vigelegele havikukatika.

Chini kabisa, ndani ya karatasi, palikuwa na gauni la zambarau. Kiuno kilikuwa kimeshonwa vizuri, huwezi kujua kama kiliwahi kupasuka. Chausiku alilitambua, akaona raha mwili mzima. Muda wote huo Shomari alikuwa amemtunzia.

Raha hiyo haikufika mbali. Mama yake mdogo, Tunu, aliyekuwa yaya kwa Wazungu wa Oyster Bay, alilivuta gauni, akageuza pindo.

"Hili nimelipiga pasi kwa mikono yangu," alisema. "Tazameni hapa lilipoungua, memsabu nusura anifukuze. Ni gauni la memsabu wangu. Alilitoa misheni."

"Kafa ulaya," mwanamke mmoja alisema taratibu. "Ndani ya sanduku la arusi."

"Memsabu hajafa," alisema Tunu. "Jana tu nimempa chai."

"Hata kama yu hai."

Kicheko kilianzia uani kikaingia ndani. Bi Mwanakombo hakucheka. Alimgeukia bintiye, na wanawake wote wakageuka pamoja naye.

"Chausiku. Ulijua habari ya gauni hili?"

Ilikuwa aseme neno moja tu. Lakini neno hilo lingemvua magauni yake yote, miaka miwili ya viapo, na jina la mama yake mbele ya chama chake.

"Sikujua, mama," alisema.

Kabla ya adhuhuri sanduku lilikuwa limerudishwa. Wanawake kumi walilisindikiza kutoka Temeke mpaka Chang'ombe, wakiimba njia nzima juu ya mwanamume anayeoa kwa nguo za maiti. Wakalitua mlangoni mwa gereji, mafundi wenzake wakitazama. Shomari aliuliza jambo moja.

"Chausiku yuko wapi?"

"Analia kwa aibu uliyompa."

Jioni mshenga alileta maneno ya Shomari: mwulizeni Chausiku nani alilitaka gauni lile, na tulionana wapi. Bi Mwanakombo akamwuliza.

"Ananisingizia," alisema Chausiku. Uongo wa pili ulimtoka kwa urahisi kuliko wa kwanza, na hilo lilimtisha mwenyewe.

Siku kumi zikapita. Siku ya kumi na moja Tunu alikuja kuwasaidia kumenya muhogo, na hadithi za mjini zikaja naye.

"Yule bwana wenu siku hizi anaitwa Mvua Maiti," alisema akicheka. "Juzi kafiwa na jirani yake, kaenda kubeba jeneza, wanaume wamemsukuma. Eti asilishike, atamvua mtu sanda."

Chausiku aliweka kisu chini. Kunyimwa bega la jeneza la jirani yako ni kuambiwa wewe si mtu. Na aliyemfanya asiwe mtu alikuwa yeye, amekaa hapa anamenya muhogo. Akainuka, akaingia chumbani, akatoka na magauni yake yote, akayatandaza mkekani mbele yao.

"Hili la Chang'ombe," alisema. "Hili la Chang'ombe. Na hili. Shomari nilikutana naye huko huko, nikinunua. Lile la zambarau nililitaka mimi, nikamwomba kila tulipoonana. Hakunisingizia."

Bi Mwanakombo aliyatazama moja moja.

"Na lile la kijani ulilonipa mimi? Nililovaa Idi, mbele ya chama kizima?"

"La Chang'ombe, mama."

Tunu alianza kucheka, akakutana macho na dada yake, akarudi kwenye muhogo wake. Bi Mwanakombo alimpiga bintiye kofi moja.

"Umenivisha maiti."

"Nimekuvisha gauni la Mzungu, mama. Na ulipendeza."

"Toka mbele ya macho yangu."

Akatoka, hakusimama mpaka gereji. Shomari alikuwa chini ya lori, miguu tu ndiyo iliyoonekana, na aliposikia sauti yake hakujitoa.

"Nimesema kweli yote," alisema Chausiku.

"Umemwambia nani?"

"Mama, na mama mdogo."

"Wapi?"

"Nyumbani."

"Ndani," ilisema sauti ya chini ya lori. "Mie nimefedheheshwa barabarani, wewe unanitakasa chumbani."

"Unataka nini, Shomari? Nikupigie magoti?"

"Magoti yako sina kazi nayo." Sasa alijitoa, uso mweusi kwa mafuta, amekonda. "Sanduku lile pale. Liliimbiwa njia nzima mchana kweupe. Libebe mwenyewe, mchana huu huu, njia ile ile, na kila atakayekuuliza mjibu."

"Na nikishindwa?"

"Utakuwa umenijibu mimi."

Alimchukia kwa maneno hayo. Alimchukia zaidi kwa sababu alikuwa na haki. Akafunua uso, akapinda kanga kuwa kata, akajitwisha sanduku, akatoka.

"Umebeba nini, binti Mwanakombo?" mwuza mkaa mmoja alimwuliza.

"Sanduku langu la arusi. Mna kafa ulaya ndani, na niliyeitaka ni mimi."

Akaulizwa penye bomba la maji. Akaulizwa na wasusi waliokaa barazani. Sokoni Temeke walikuwepo watatu kati ya wale kumi walioimba, wakamfanya arudie mara mbili ili wenzao wa nyuma wasikie. Alirudia. Machozi yalikuwa yakimtoka bila kilio, shingo inamwuma, sauti imekauka, na kila hatua alikuwa akimtukana Shomari moyoni kwa majina aliyoyajua.

Nyuma yake mtu alikohoa.

"Lete. Litakuvunja shingo."

"Si ulisema nibebe mwenyewe?"

"Nilisema. Sasa nasema lete."

"Bado nina hasira na wewe."

"Na mie ninazo zangu. Shika upande huo."

Wakalishika kila mtu upande wake, wakapita katikati ya soko bila kutazamana. Bi Mwanakombo alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani. Habari ilikuwa imemfikia mapema, na majirani wote walikuwa wametoka nje, kila mmoja akijidai anafagia.

"Shikamoo, mama," alisema Shomari.

Mifagio ilisimama. Bi Mwanakombo alimwacha asubiri, akalitazama sanduku, akamtazama bintiye aliyelowa jasho, uso wazi mbele ya mtaa mzima.

"Marahaba," alisema mwishowe. "Lakini sijakusamehe."

"Nami bado, mama."

"Wala mie," alisema Chausiku, ingawa hakuna aliyemwuliza.

Bi Mwanakombo akasogea pembeni, akauacha mlango wazi.

"Liingizeni ndani," alisema. "Tutagombana vizuri tukishakuwa ndugu."