Aliyepiga Hodi Berchem

Huko Berchem-Sainte-Agathe, Ubelgiji, hakuna mtu anayepiga hodi. Ni maghorofa ya watu wanaoheshimiana kwa kutojuana: ukija unabonyeza kengele ya chini, ukikosa jibu unaondoka. Ndiyo maana Zaituni, mjane kutoka Buyenzi, Bujumbura, aliposikia mtu akisema "Hodi" nje ya mlango wake jioni moja ya Novemba 2013, alifurahi kabla ya kushtuka. Akafungua. Korido ilikuwa giza. Taa ya pale hujiwasha yenyewe mtu akipita, hata paka akipita, lakini haikuwa imewaka. Kulikuwa na harufu tu, ya jiwe bichi na mavi ya popo, na Zaituni aliifahamu.

Aliinusa mara ya kwanza Februari ya mwaka uleule, Bijapur, India.

Tusimcheke kwa kwenda huko. Marehemu mumewe, Omari, alikuwa fundi cherehani katika duka la Mhindi mjini Bujumbura, na ukutani kulikuwa na kalenda yenye picha ya kuba kubwa. Miaka yote ya ukimbizi alisema, "Tukistaafu, tutakwenda kuliona." Akafa kabla ya kustaafu. Zaituni, aliyezeeka akiwaogesha wazee wa watu, alipopata pensheni alijiunga na kundi la watalii wa Kibelgiji akaenda peke yake. Aliona Ibrahim Rauza, kaburi la mfalme ambalo mawe yake yamechongwa kama kitambaa kilichodariziwa. Aliona Bara Kaman, matao yaliyoachwa bila kumalizwa, na kisima cha Taj Bawdi chenye maji ya kijani yasiyotikisika. Penye mzinga mkubwa wa vita juu ya ngome, kiongozi wao alisema ukiugusa na kuomba jambo moyoni, unalipata. Aliugusa, akaomba Karimu aje. Karimu ni mwanawe wa pekee, anakaa Liège, mwendo wa saa moja tu kwa treni, na tangu matanga ya baba yake hakuwa amekanyaga kwa mama. Hakukuwa na ugomvi. Ni kazi, ni treni, ni wiki ijayo.

Mwisho walipanda Gol Gumbaz, kuba lenyewe la kwenye kalenda. Huko juu kuna roshani ya duara: ukinong'ona upande huu, aliye upande ule anakusikia, na kuba hulirudia neno lako tena na tena. Wenzake walisimama wawili wawili wakanong'onezana mapenzi. Zaituni hakuwa na wa kusimama upande wa pili. Lakini pale ni kaburini, nyumbani kwa mtu, na yeye alilelewa vizuri, kwa hiyo akasema kwa adabu, "Hodi." Kuba likarudisha hodi, hodi, hodi, zikafifia. Kisha, kimya kilipokwisha kutulia, ikaja hodi moja iliyochelewa, kwa sauti ya kiume, sikioni pake kabisa, pamoja na ile harufu. Na Zaituni, bila kufikiri, kama ambavyo yeyote kati yetu angefanya, akajibu, "Karibu."

Baada ya jioni ile ya korido, hodi haikusikika tena, maana mgeni alikwisha ingia. Zaituni akisema jikoni "Chai tayari," sebule inarudia chai tayari, chai tayari, na ya mwisho huchelewa. Mwanzoni alilala na redio imewashwa. Halafu, na hapa namwonea huruma, akazoea. Ilikuwa Desemba, giza linaingia mapema, na sauti ya pili ndani ya nyumba ni sauti ya pili. Akawa anaisimulia habari za siku. Nayo ikawa inarudia, na kadiri ilivyorudia ndivyo sauti ya Zaituni mwenyewe ilivyokauka, hadi akawa anaagiza mkate kwa kunyoosha kidole.

Mujinga, jirani wa ghorofa ya chini, Mkongo wa Lubumbashi, alimkuta kwenye lifti.

"Maman Zaituni, jana nilikuletea sahani ya sombe, ukaniambia kwa mulango niende. Bon, sikukasirika. Lakini sauti ilikuwa ya wewe, na maneno haikuwa ya wewe."

Jana saa hizo Zaituni alikuwa sokoni.

Siku ileile Karimu akapiga simu. "Maman, mbona kila nikipiga unaniambia nisije? Nimekukosea nini?"

"Sijakuambia hivyo, mwanangu," alinong'ona.

"Umesema, juzi tu. Donc nije ao nisije?"

"Njoo. Njoo samedi."

Karimu akaahidi kuja Jumamosi hiyo. Zaituni akaweka simu chini akalia, kwa furaha na kwa woga pia.

Ijumaa akamwita Sheikh Abeid kutoka Molenbeek, mtaa wa jirani, akamsimulia ilikoanzia hodi. Sheikh alisoma Kurani katika kila chumba, kisha akaketi, jasho linamtoka, akauliza Zaituni alimjibu nini yule aliyepiga hodi kule India. Zaituni akamweleza.

"Basi ulimkaribisha wewe," sheikh alisema kwa sauti ya chini. "Kisomo kimeikata karibu ile. Magharibi ya leo atatafuta nyingine, na atatumia sauti unazozipenda. Usijibu neno mpaka isha. Ukinyamaza, atatoka."

Magharibi ikaingia. Zaituni alikaa sebuleni, khanga mdomoni. Hodi ya kwanza ilitoka jikoni, na ilikuwa ya Omari, na kikohozi chake kile, na jina la utani alilompa siku za uchumba, na machozi yalimtoka akaing'ata khanga zaidi, nayo sauti ikaomba, ikabembeleza, ikalia kama mtu aliyefungiwa nje kwenye baridi, mpaka ikanyamaza. Ndipo kutoka mlangoni ikaja, "Hodi, maman. Ni mimi. Nimewahi kutoka kazini, sikungoja kesho, Maman Mujinga amenifungulia chini," na Zaituni alikuwa anatikisa kichwa kukataa alipouona, chini ya mlango, mstari wa mwanga, kwa sababu taa ya korido ilikuwa imewaka, na taa ile haimwakii asiye na mwili, na viatu vya Karimu vilikuwa vinageuka, vinaondoka.

"Karibu," alisema. "Karibu, mwanangu, karibu."

Sauti haikufika mlangoni. Ilikwenda upande mwingine, jikoni, ikarudiwa huko karibu, karibu, na ya mwisho, iliyochelewa, ikapita sikioni pake kwa harufu ya popo, ikasema mlangoni kwa sauti nzima ya Zaituni, "Nilikuambia usije. Rudi Liège."

Alipomaliza kufungua komeo na mnyororo, lifti ilikuwa imeshuka. Kwenye zulia dogo la mlangoni kulikuwa na mfuko wa ndagala, dagaa wa kwao Bujumbura, aliouacha Karimu. Akatoka nje na kusimama koridoni. Taa ilikuwa imezimika. Akainua mkono, akaupunga juu ya kichwa, akaupunga tena.

Taa haikuwaka.

Nyuma yake mlango ulifungwa taratibu. Akajaribu kuita jina la mwanawe, halikutoka. Neno lililokuwa limebaki kooni lilikuwa moja tu, akaligeukia komeo lake mwenyewe akalisema.

"Hodi."

Ndani, mtu alikuwa anamimina chai. Hakusema karibu.