Ubao wa Pili

Mwili wa Jesca Mazengo, mwanafunzi wa chuo, ulikuwa umelala chali ndani ya mtaro, mita tatu chini ya usawa wa barabara. Kando yake kulikuwa na ndoo ya lita ishirini iliyopasuka. Maji yake yalikwisha kunywewa na kifusi.

Inspekta Damari Ntandu alifika saa mbili kasoro robo asubuhi. Alisimama ukingoni, akavua kofia, kisha akaivaa tena. Alikuwa na binti wa rika la msichana huyo.

Kwa miezi minane mkandarasi alikuwa akipanua barabara hiyo ipitayo mbele ya chuo, hapa mjini Singida. Mtaro wa maji ya mvua ulichimbwa, ukaachwa wazi. Upande mmoja ulibaki na chuo, upande wa pili ukabaki na maduka. Greda lilikata bomba la mabweni katika wiki ya kwanza, na tangu hapo wanafunzi walivuka mtaro kila alfajiri kwenda kuchota maji kwenye bomba la Flora, mama lishe. Walivuka juu ya mbao mbili zilizopigiliwa misumari sambamba.

Asubuhi hiyo ubao ulikuwa mmoja.

"Afande, mtuhumiwa tunaye," alisema Koplo Benson, kijana aliyehamia kutoka Tanga mwezi uliopita. "Amosi, mlinzi wa mkandarasi, miaka ishirini na mbili. Tumemkuta amelala kibandani, nyundo ya kung'olea misumari iko miguuni pake. Wanafunzi walishaleta petroli wamchome."

Kundi la wanafunzi lilikuwa bado limesimama nyuma ya utepe wa polisi. Hawakuwa wakipiga kelele tena.

Amosi alikuwa ndani ya gari, mdomo umevimba.

"Nyundo ni ya nani?"

"Ya kampuni, afande. Inakaa mlangoni. Kila mwenye duka huichukua kutengeneza kivuko chake."

"Jana nani aliichukua?"

"Sikuona. Nililala." Akaanza kulia. "Kulala nimelala, nakiri. Lakini kuua sijaua."

Inspekta alimwendea Flora, aliyekuwa ameketi juu ya kreti ya soda. Unga wa chapati ulikuwa umemkaukia vidoleni.

"Ulimwona lini mara ya mwisho?"

"Saa kumi na moja na nusu. Alijaza ndoo, nikamtwisha. Nikamwambia, 'Wewe mtoto, utaota kibiongo kabla hujapata cheti.' Akanicheka. Akasema, 'Dada Flora, kibiongo ni cha wanaokaa darasani.' Nikarudi jikoni."

"Mbao zilikuwa mbili?"

"Kulikuwa na giza. Mbao ni mbili siku zote, nani angezihesabu?"

"Hukusikia kitu?"

"Mashine ya kusaga ya jirani ilikuwa imeshawashwa. Hata mimi mwenyewe sijisikii." Alijifuta macho kwa kiwiko. "Dada, hivi ningesikia, ningeendelea kusukuma chapati?"

Inspekta alipiga magoti kwenye mwisho wa ubao. Upande wa chuo misumari ilikuwa imeng'olewa. Matundu yalikuwa mapya, yenye nyuzi nyeupe za mti. Upande wa maduka ilikuwa bado imara. Mtu alikuwa ameanza kuuhamisha ubao huo pia, akakatizwa.

Juu ya ubao tope lilikuwa limeanza kukauka. Nyayo za ndala za Jesca zilitoka upande wa maduka, hatua fupi za mtu aliyejitwisha. Katikati zilikoma. Mbele yake, hatua moja tu, palikuwa na alama za viatu vyenye soli iliyolika, zikitoka upande wa chuo na kumwelekea yeye.

"Alimkuta mtu, akaogopa, akasimama," alisema Benson.

"Mtu aliyeogopa hurudi nyuma. Tazama mguu wa kulia."

Benson aliinama. Unyayo wa kushoto ulikuwa mzima. Wa kulia ulikuwa umerudi nyuma nusu hatua, na kilichoonekana ni vidole pekee, vimezama sana.

"Aliteleza?"

"Utelezi ungeacha mburuzo. Huu umetulia." Inspekta aliinuka, akaweka mguu wake wa kulia nyuma kidogo, akakunja magoti, mgongo umenyooka kana kwamba amebeba kitu kichwani. "Mimi nimekulia kijijini Ilongero, Benson. Ukikutana na mkubwa njiani, hata una ndoo, hata una mtungi, unakunja magoti ndipo unafungua mdomo. Hii ni shikamoo."

Koplo alikodoa macho.

"Juu ya ubao wa sentimita thelathini?"

"Huchagui mahali."

Aliagiza alama hizo zipigwe picha, kisha akarudi kwenye gari na kuufungua mlango.

"Amosi, Jesca alikuwa akikusalimiaje?"

"'Mambo', afande. Siku nyingine alisema tu, 'Umeamka, mvivu?'"

"Mfungue pingu," inspekta alimwambia Benson. "Aliyekuwa mbele ya Jesca alikuwa mzee."

Daktari alipiga simu saa nne. Jesca alivunjika nyonga, na damu ilivujia ndani. Kichwani alikuwa na mchubuko mdogo tu.

"Alikufa palepale?"

"Hapana, inspekta. Nakadiria aliishi kama saa nzima. Angeweza hata kuzungumza. Angefikishwa kwetu mapema, huenda leo tungekuwa tunajadili fimbo za kutembelea."

Inspekta aliikata simu, akaelekea kwenye maduka.

Katika safu yote ya maduka, mzee alikuwa mmoja. Gervas Msengi, miaka sitini na minane, aliuza madaftari na kutoa nakala, mwendo wa hatua themanini kutoka kwa Flora. Wanafunzi walimwita Babu. Alilala chumba cha nyuma ya duka tangu mkewe alipofariki.

Mbele ya duka lake kulikuwa na ubao juu ya mtaro. Inspekta aliupima kwa utepe, akayakagua matundu ya misumari. Nafasi kati ya tundu na tundu ilifanana kabisa na ya ule wa kwa Flora. Chini yake, majani yaliyokuwa yamelaliwa yalikuwa bado mabichi.

Mzee alikuwa ameketi nyuma ya meza, amevaa koti, viatu vya ngozi vimetakata kwa kuoshwa. Mashine ya nakala ilikuwa imefunikwa kwa kitenge.

Inspekta alisimama mlangoni, akakunja magoti kama alivyofunzwa.

"Shikamoo, mzee."

Midomo ya mzee ilifunguka. Ikafungwa.

Benson alimtazama inspekta. Hata kwao Tanga salamu hiyo haiachwi hewani.

"Shikamoo, mzee Gervas."

Mzee alijaribu tena. Sauti ikagoma. Kisha aliuziba uso wake kwa viganja vyote viwili, na mabega yakaanza kutikisika.

"Usiniamkie, mwanangu," alisema. "Nakuomba usiniamkie."

Kituoni alisomewa haki zake kabla ya kuandikwa maelezo yake. Alisema hataki wakili, wala hataki kukaa kimya.

"Kwa nini uliuchukua ubao ule?"

"Mhandisi alikuwa aje leo saa tatu. Alituambia kutajengwa kivuko kimoja cha zege, kimoja tu, na atakiweka pale atakapokuta watu wanapita. Watu wanapita kwa Flora."

"Ukataka wapite kwako."

"Zamani walipita kwangu. Kabla ya mtaro, lango la chuo lilitazamana na mlango wangu. Walikuja na kazi zao za kuchapa, wakakaa, wakabishana, wakaniomba niamue nani kashinda." Alikuwa akiitazama meza. "Miezi minane, mwanangu. Ziko siku nilifunga duka jioni nikagundua sijatamka neno tangu asubuhi. Nilijua kivuko kikijengwa kwa Flora, basi itabaki hivyo hadi ninaingia kaburini."

"Endelea."

"Ubao wa kwanza niliubeba salama. Nikauvukia pale kwangu kwenda upande wa chuo, nikang'oa misumari ya huu wa pili. Nikawa narudi juu yake ili ning'oe ya upande wa maduka. Ndipo nikamwona. Alikwisha kufika katikati, na ndoo kichwani."

"Alikutambua?"

"Alinitambua. Akasimama, akakunja magoti. 'Shikamoo, Babu.' Nilijua ubao haujashikwa. Nilipaswa kumwambia rudi. Neno moja, rudi. Lakini mtu akikuamkia, mdomo hautangulizi kitu kingine. Nikasema, 'Marahaba.' Ubao ukabinuka."

Kalamu ya Benson ilikwaruza karatasi, ikasimama.

"Mimi nilirukia ukingoni, nikaanguka kifudifudi. Yeye alikwenda chini."

"Kisha?"

"Niliurudisha ubao mahali pake. Nikaiweka nyundo kwa mlinzi. Nikaingia ndani, nikaosha viatu."

"Ulikuwa na simu?"

"Ninayo."

"Mzee, alikuwa hai kwa saa nzima."

"Nilijua yu hai." Sauti yake ilikuwa imebaki pumzi tu. "Ningeita watu, wangeuliza ulikuwa unafanya nini hapo, Babu, na nyundo ya watu. Niliona aibu. Nikajiambia kutapambazuka, wengine watakuja na ndoo, watamwona. Wamkute wenyewe, nisitajwe mimi."

"Ulijuaje kwamba yu hai?"

"Alisema nami. Nilikuwa bado nimelala ukingoni pale, yeye akanisikia ninavyohema." Alifumba macho. "Akaniuliza, 'Babu, umeumia?'"

Inspekta Damari alimwachia Benson mafaili, akatoka nje.

Kwenye benchi la korido alikuwepo mwanamke aliyefika adhuhuri kwa basi la Itigi, kanga mbili mabegani, viatu vyeupe kwa vumbi la safari. Mama yake Jesca. Mara tatu walikuwa wamemwomba aende hospitali kuutambua mwili, na mara tatu alikataa kwa adabu. Akina Jesca wapo wengi, alisema. Chuo ni kikubwa. Watu hukosea majina.

Inspekta aliketi karibu naye. Alimweleza yote, taratibu, bila kupunguza. Mama alisikiliza kama anayesikiliza habari za mtoto wa jirani, akitikisa kichwa kwa huruma.

"Na huyo binti," aliuliza, "hakusema kitu kule chini?"

Inspekta alikuwa na nafasi ya kusema hapana.

"Alimuuliza mzee kama ameumia."

Mikono ya mama, iliyokuwa ikikunja na kukunjua pindo la kanga tangu mchana, iliacha. Aliinuka, akajifunga kanga moja kiunoni, akaikaza.

"Basi ni yeye," alisema. "Nipelekeni."